Masikio ya Muzee Zihindula

Muzee Zihindula si kiziwi. Maneno hayo niliyasema kwa watu muda wa miezi saba, na kila mara nilikuwa nasema uongo. Aliyeniuliza kwa nini yule mekanisie, fundi wetu wa magari, anajibu mambo ambayo hakuulizwa, nilimwambia ana mawazo mengi, ana malaria, anasali kimoyomoyo, na wewe yanakuhusu nini. Nina mdomo, wanaonijua wanajua. Lakini mdomo huohuo siku moja ulijifunga pale ulipotakiwa kufunguka, ndiyo maana nasimulia.

Mimi nauza mafuta ya injini na vipande vya gari vilivyokwisha kutumika, hapa Mapendo, mjini Goma, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea uzio wa garaji yake. Naitwa Mama Bahizire. Mume wangu alipokufa, watu walikuja na maneno marefu ya pole, wakala, wakaondoka. Zihindula alikuja na nyundo. Alibandua mabati kwenye paa la garaji yake mwenyewe, akanipigilia kibanda, kisha akasema, "Mama, keti hapa. Wenye gari watapita tu." Tangu siku ile ni miaka kumi na miwili, na mvua ikinyesha bado inamnyeshea pale alipobandua yale mabati.

Nasema garaji, lakini usifikirie jengo. Ni kiwanja cha mawe meusi ya volkano chenye uzio wa mbao, na katikati kuna shimo la kuingia chini ya gari, lenye paa la mabati juu yake. Shimo lile alilichimba mwenyewe kwa nyundo na mtaimbo, miezi minne, kwa sababu lava si udongo. Garaji yake ya kwanza, kule katikati ya mji, lava ya mwaka 2002 iliimeza pamoja na vyombo vyote. Alikuwa ametoka kwao upande wa Bukavu akiwa kijana, hana kitu. Baada ya lava alikuwa tena hana kitu, isipokuwa masikio.

Masikio hayo ndiyo yaliyompa jina. Wale mekanisie wadogo wa mjini wana mashine ya kuchomeka kwenye gari, inawaandikia ugonjwa. Zihindula alikuwa na turnevis moja ndefu, bisibisi yenye mkono wa mbao. Anaweka ncha kwenye injini, mkono wa mbao sikioni, anafunga macho. Na hapo kila mutu alikuwa ananyamaza. Sikiliza vizuri, hii ni desturi ya pale kwetu: Zihindula akifunga macho, mwenye gari haongei, mama wa sambaza, yule anayeuza dagaa hapo kando, anaacha kuita wateja, hata mimi nafunga mdomo. Akifungua macho anasema ugonjwa ni nini, na akishasema, hakuna mutu anayeongeza neno. Sikuwahi kuona mutu akiongeza neno. Nilizoea, tena nilikuwa nawakemea wageni ambao hawajui.

Mwezi wa kwanza, wakati wa vita mjini, bomu lilianguka nyuma ya nyumba yake. Hakuumia, alitoka na vumbi tu kichwani. Lakini wiki ileile nilimwambia, "Muzee, maji yako yanachemka," akanijibu, "Ndiyo, alinipigia jana." Nikamtazama. Akatazama pembeni. Hatukuongea juu ya jambo hilo, siku ile wala siku nyingine. Mimi nilianza tu kurudia maneno ya wateja kwa sauti, nimemgeukia ili aone midomo yangu, kana kwamba mimi ndiye kiziwi ninayetaka kuhakikisha nimesikia. Na yeye, kila alipomaliza kusikiliza injini, alianza kunitupia jicho kabla ya kusema ugonjwa. Kama sura yangu ilikuwa sawa, alisema. Kama nimekunja uso, alirudia kusikiliza. Njo vile tulivyoishi miezi saba, na sijui kama ilikuwa huruma au upumbavu.

Sasa Munyakazi. Munyakazi alikuwa mutu wa Rutshuru, shofere wa njia ya Kalengera. Kwenda alibeba chumvi, sabuni na watu, kurudi alibeba maharagwe na watu. Alipenda kunichokoza. "Mama Bahizire," alikuwa anasema, "mafuta yako haya ni meusi mno, siku moja utaniuzia sombe kwenye bidon." Nami nilikuwa namwambia gari yake hata mboga ya sombe ingeikataa. Nilimpenda, wacha niseme ukweli. Mutu anayecheka siku hizi Goma ni wa kushikilia.

Siku aliyotuletea ile gari hakutania. Alishuka, akamsalimia Zihindula kwa mikono miwili, akasema, "Muzee, gari iko nazima. Nikitembea iko muzuri, hata mulimani inapanda. Lakini nikikanyaga freni nisimame, injini inakufa."

"Inazima akisimama, muzee," nikarudia.

"Inazima wapi?" Zihindula akauliza.

"Popote. Sokoni inazima, nawasha, naenda. Shida ni bariere, pale wenye bunduki wanapofunga njia kwa kamba. Juzi ilizima mbele ya kamba. Wakasema nimeizima kwa makusudi ili nizuie njia, kwamba nyuma kuna watu wangu wanakuja. Walinipigisha magoti kwenye matope, na abiria wangu wote, mpaka mukubwa wao alipomaliza kula. Walisema ikizima tena mbele yao hawataongea. Kesho kutwa naenda kumuchukua mama yangu Kalengera, hajisikii, inafaa afike kwa daktari huku. Nisaidie, muzee. Isizime tu."

Nilirudia yote, pole pole. Sehemu ya magoti niliirudia kwa sauti ndogo, lakini Zihindula aliiona mdomoni mwangu. Akamgusa Munyakazi bega, akafungua kapo, kile kifuniko cha injini.

Kwa kweli hakufanya kazi ya haraka, asije mutu akasema hivyo. Alianza na esanse, yaani petroli, kwa sababu esanse ya kwenye bidon, yale madumu ya barabarani, hapa kwetu mara nyingi ina maji. Akaimimina kwenye chupa, akaiacha itulie, na chini ya chupa kweli kukaonekana maji kidogo. Tukafurahi. Akasafisha tangi, Munyakazi akazunguka kiwanja, akakanyaga freni, injini ikafa. Akabadilisha buji, zile plagi za kuwashia, nilimpa mimi zile nzuri nilizokuwa nimeweka pembeni. Ikafa. Kesho yake akafungua mahali injini inapovutia hewa, kulikuwa kumejaa masizi, akasugua kwa mswaki mpaka pakang'aa. Munyakazi akazunguka kiwanja, akakanyaga freni. Ikafa palepale, mbele ya kibanda changu.

"Washa tena," Zihindula akasema. "Usitembee. Kaa tu, ukanyage freni nikikuambia."

Akachukua turnevis. Akafunga macho. Kiwanja chote kikanyamaza. Kulikuwa na mashofere wawili wamekuja kungoja zamu yao, na mama wa sambaza, na mimi nimekaa upande wa kibanda changu, karibu kabisa na batri ya gari.

Munyakazi akakanyaga freni, na mimi nikasikia.

Ilikuwa sauti ndogo, shiii, kama sufuria inayoanza kuchemka. Ilitoka nyuma ya batri, chini. Akiachia freni, ilipungua. Akikanyaga, ilirudi, na injini ikaanza kutetemeka. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye uzio wa garaji, mimi si mekanisie, lakini hewa inayopita mahali pasipo pake naijua. Ilikuwa duriti, ule mupira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye freni. Mupira ule ndio unaosaidia mguu wa shofere. Ukipasuka kidogo, injini inakosa nguvu ya kukaa ukisimama. Ukipasuka sana, freni inakuwa ngumu, unakanyaga kama unakanyaga jiwe la lava. Zihindula mwenyewe ndiye aliyenifundisha haya, zamani, wakati ananiambia kwa nini nisiuze duriti zilizozeeka. Zamani zile sauti hii angeisikia akiwa upande wa pili wa barabara.

Akafungua macho, akaniangalia.

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Kusema ilikuwa rahisi. "Muzee, kuna hewa inapita hapo." Maneno matano. Lakini mashofere wawili walikuwa wanatazama, na mama wa sambaza, ambaye akijua neno asubuhi, saa sita soko lote limelijua. Ningesema, na wote wangejua kwamba Zihindula wa masikio sasa anasikia kwa masikio ya muuza mafuta. Kesho yake nani angemuletea gari? Nikajiambia nitamwambia wakiondoka. Kumrekebisha mutu mukubwa mbele ya wageni si adabu, hata mutoto anajua. Nikaitikia kwa kichwa, kama kusema endelea. Sura yangu ilikuwa sawa. Niliifanya iwe sawa.

"Injini haina ugonjwa," Zihindula akasema. "Ni ralenti iko chini. Inapumua kidogo mno ikisimama."

Akachukua turnevis fupi, akazungusha vis, ile skrubu ya kupandisha ralenti, mwendo wa injini gari ikiwa imesimama. Injini ikanguruma zaidi. Munyakazi akakanyaga freni: ikatetemeka, ikakaa. Akazunguka kiwanja mara tatu, akasimama mara tatu. Haikuzima.

"Ukikaribia bariere," Zihindula akamwambia, "acha mguu mmoja kidogo kwenye pedali ya gesi. Haitakufa."

Munyakazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu atuletee ile gari. Akanipungia mkono kutoka dirishani. "Mama Bahizire, nikirudi na mama yangu, umupikie kitu, lakini kisiwe cheusi." Nikasema sawa. Akaondoka moja kwa moja kwenda kupakia, na mashofere wale wawili wakasogeza gari zao. Kiwanja hakikubaki bila wageni mpaka jioni. Jioni Zihindula alikaa kwenye benchi yake anakula bugali, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mwezi wa kwanza. Nilisimama mbele yake na kikapu changu kichwani. Nikasema, "Tutaonana kesho, muzee." Akasoma midomo yangu, akaitika.

Kesho hiyo ndiyo Munyakazi alipita njia ya Kalengera.

Aliyetuletea habari ni Gentil, shofere mwenzake, aliyekuwa nyuma yake na gari ya mahindi. Alikuja mpaka garaji kwa sababu alijua Munyakazi alitoka kwetu. Alisimulia amesimama, hakutaka kiti. Kabla ya Kalengera kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna kamba. Munyakazi alishuka, na Gentil aliona gari haipunguzi mwendo inavyofaa. Injini ilikuwa inanguruma, hata yeye nyuma aliisikia. Watu wa bariere wakainua mikono. Gari ikaendelea kushuka, pole, lakini inaendelea. Ikaikata kamba. Wakapiga risasi. Gari ikasimama hatua chache mbele, kando, kwenye mawe. Abiria walitoka wazima. Munyakazi hakutoka.

"Wanasema alitaka kukimbia," Gentil akasema. "Ni uongo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Taa za nyuma zilikuwa nyekundu tangu juu ya mlima mpaka mwisho. Alikuwa anakanyaga freni njia yote."

Kwa Zihindula ilibidi nirudie. Nilirudia yote mpaka kwenye taa. Hapo niligeuza uso asione midomo yangu, akadhani ni kilio. Kilikuwa kilio pia.

Sitawasafisha waliopiga. Aliyepiga amepiga, na hesabu yake iko kwa Mungu. Lakini mimi najua kwa nini gari haikusimama, na waliokaa kwenye matanga hawakujua. Zihindula alikwenda matanga amevaa koti lake la Noeli. Alikaa na wazee, na mutu akamuuliza kuhusu gari, akaelewa swali nusu, akajibu kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe, "Gari yangu haikuzima. Niliitengeneza. Haikuzima njiani hata mara moja." Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nilitoka nje, nikasimama peke yangu nyuma ya choo cha jirani. Hasira niliyokuwa nayo, sikujua niielekeze wapi. Nilimchukia yeye, na lile bomu, na wale mashofere wawili waliokuwa wanangoja zamu. Niliizungusha kote kabla ya kuifikisha kwangu mwenyewe.

Wiki tatu nilikaa nayo. Duriti nzuri nilikuwa nazo nne, zimening'inia juu ya kichwa changu kwenye kibanda, kila siku nikiinua macho naziona.

Kisha Emerance, mjane wa Munyakazi, akaja. Gari iliburutwa na ile ya Gentil, kioo cha mbele hakuna, mlango una matundu manne. Emerance ni mwanamke mwembamba, mama wa watoto watatu, haongei sana. Alisema anataka kuiuza, na mnunuzi anataka injini iwake na isizime. Mama mkwe wake bado yuko Kalengera, anakohoa, hakuna wa kumleta.

"Anataka kuiuza, muzee. Iwake, isizime," nikarudia.

Zihindula akazunguka ile gari. Akaweka kidole kwenye tundu moja la mlango, akakitoa. Akafungua kapo. Batri ilikuwa imekufa, nikampa nyingine. Emerance akakaa mahali pa shofere, kwenye kiti kilekile, wamekiosha lakini mutu anaona. Injini ikawaka. Zihindula akachukua turnevis ndefu, akafunga macho, akainua mkono mmoja. Emerance akakanyaga freni.

Shiii. Sasa ilikuwa kubwa, mtoto mchanga angeisikia. Gentil aligeuza kichwa. Mama wa sambaza aligeuza kichwa. Zihindula alikuwa amefunga macho, ameinamia injini, uso wake umetulia.

Akafungua macho, akaniangalia, anangoja.

Nikasimama. Nikaenda mbele ya watu wote, nikamshika mkono, nikauingiza nyuma ya batri mpaka chini ya mupira ule. Hewa ikavuta ngozi ya kidole chake. Niliona alipoijua. Mkono wake ulikakamaa ndani ya mkono wangu.

"Iko nalia?" akauliza.

"Iko nalia, muzee."

Hakutoa kidole. Injini ilikuwa inatetemeka na sisi tumeinama pale. "Na siku ile?"

Ningeweza kumdanganya tena. Nilikuwa nimezoea. "Siku ile pia," nikasema. "Nilisikia. Nilikuonea aibu mbele ya watu, nikanyamaza."

Zihindula akazima injini. Akaenda mpaka mlango wenye matundu, akavua kofia, akamwambia Emerance mwenyewe. Hakunitaja. Alisema mupira wa freni ulikuwa umepasuka na hakuusikia, kwa sababu hasikii, tangu mwezi wa kwanza hasikii. Alisema alipandisha ralenti, gari ikapata nguvu ya kutembea, na freni ikakosa nguvu ya kuikataza. Aliyasema yote mbele ya Gentil na mama wa sambaza. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wanavyoongea, na barabara yote ilisikia.

"Mimi nilisikia," nikasema. "Nilikuwa nimekaa hapa. Yeye hakusikia, mimi nilisikia."

Emerance alituangalia, kwanza yeye, halafu mimi. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Taa zilikuwa nyekundu," akasema. "Gentil aliniambia. Nilijua alikuwa anakanyaga, maana Munyakazi aliogopa bariere kuliko kitu chochote. Kila usiku nilikuwa nauliza, kama alikanyaga, kwa nini." Akatazama mbele, pale kioo kilipokuwa. "Itengenezeni. Atakayeinunua, akikanyaga, asimame."

Nikaingia kibandani, nikaangua duriti moja. Nikampelekea muzee. Zihindula aliukata ule mupira wa zamani, ulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole kwa chini, akavalisha mpya, akakaza pete mbili. Akamwambia Emerance awashe injini, akarudisha ralenti chini, mahali pake. Alipomaliza hakuchukua turnevis. Aliweka kiganja juu ya injini, akanigeukia mimi mbele ya wote na kuuliza, "Unasikia nini?"

Nikainama. Nikasikiliza kila upande, nyuma ya batri, chini. "Injini tu," nikasema. "Hakuna kingine."

Emerance akakanyaga freni. Mguu ulishuka laini, injini haikutetemeka. Ikakaa pale imesimama, inanguruma pole pole, haizimi. Gentil akamwambia inatosha, mama, unaweza kuachia. Hakuachia. Alikaa ameinamisha kichwa, mguu ukiwa chini kabisa kwenye freni, na sisi tulisimama kando ya gari tukamwacha.